Wachezaji wa Pakiti za Chai

4 Februari

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi. Huku tupo, magoti tu ndiyo yanayolalamika. Kazi ya kinyozi ni kusimama, na mimi si binti tena. Marehemu mume wangu aliniachia kile kiti na ile mikasi akaenda zake kupumzika.

Nimeanza kutoa vitu chumbani kwa mama. Tangu tumzike nilikuwa napita mlango ule nikitazama pembeni, lakini nimepata mpangaji, nesi mmoja mpole, na siwezi kumlaza juu ya mabunda ya nguo. Chini ya kitanda nimekuta lile kopo lako la maziwa ya unga. Nilidhani ni vifungo. Kumbe ni kadi za mpira, zile zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za majani ya chai. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akachungulia. Umesahau ulivyokuwa ukimwapia mama kwamba chai imekwisha, na kabatini pakiti zimejaa, zote umeshazifungua? Nyumba ile tulikunywa chai hadi tukakaribia kuwa birika.

Sasa sema. Nikutumie kwa posta, au niwape watoto wa jirani? Mimi hawa wanaume simjui hata mmoja. Wamenitolea macho kama nimewakanyaga.

Mdogo wako,
Chiriku (jina ulilonipa mwenyewe, usinicheke)


19 Februari

Chiriku mdogo wangu,

Usishangae mwandiko. Nimeteguka kifundo cha mkono, kwa hiyo mimi natamka na wifi yako anaandika. Mengine ni yale yale. Dukani saa zinakuja zimesimama, zinaondoka zinatembea.

Kadi usizitume. Posta yenyewe ndiyo hiyo, kitu kikiondoka kizima kinafika nusu. Na watoto wa jirani usiwape hata moja. Ninachokuomba ni hiki: ukipata nafasi, chukua moja moja uniambie iko vipi. Majina nyuma usijisumbue nayo, majina yao ninayo yote. Niambie sura. Kasimamaje, anatazama wapi. Siku hizi nawachanganya, Bawabu namvika kichwa cha Ngazi, na hao wawili wakisikia watanipiga.

Kaka yako,
Fundi saa

Wifi, amemaliza, amerudi kitandani. Haya ya chini ni yangu mimi. Mkono wake ni mzima kama wako. Macho ndiyo yamekwenda. Daktari kasema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. La kwanza lilizimika mwaka jana naye akanyamaza, akawa anabana kile kioo chake cha kukuzia kwenye lililobaki na kuendelea na kazi. Sasa hilo nalo linaona mwanga wa dirisha tu. Duka kalifunga. Chumbani hatoki. Wateja wakibisha hodi ananituma niseme amesafiri. Kanikataza nisikuambie, nami simwambii kama nimekuambia. Barua yako ndiyo kitu cha kwanza alichokitaka tangu mwaka uanze. Andika, wifi. Andika mengi.


2 Machi

Kaka,

Pole na mkono. Mwambie wifi akukande kwa maji ya chumvi.

Haya, nimekaa kwenye kiti cha wateja na kopo lako mapajani. Wa kwanza ni mtu mpana, amevaa glavu kubwa kama mikate miwili, amezikunja kifuani. Nyusi zake zina vumbi jeupe. Nilipangusa nikidhani ni uchafu wa kadi, haukutoka. Huyu angekuja kwangu ningemwambia nywele zako zimeanza kukimbia, mzee, bora tuzimalize.

Wa pili ni mrefu mno, aliyempiga picha kamkata utosi. Shingo kama ya ndege wa majini. Anacheka, lakini si kwetu, anacheka na mtu aliye pembeni.

Wa tatu ni mdogo wa umbo, karibu nimwite mtoto. Amekaa juu ya mpira, mikono magotini. Kaptula imepigwa pasi mpaka mstari wake unaweza kukukata. Kwa huyu nilisimama kidogo. Ana uso wa mtu aliyeambiwa habari njema muda si mrefu.

Wengine kesho kutwa. Kuna bwana harusi ananingoja.

Chiriku

(Wifi, hii karatasi ndogo ni yako peke yako, usimsomee. Nililia nikamaliza. Sitamwambia kwamba najua. Kaka yangu alinifundisha kusoma saa ukutani akiwa na miaka tisa. Acha ajione bado mkubwa wangu. Lakini kuanzia sasa nitaandika kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake ngazini.)


17 Machi

Chiriku,

Umeniponya. Huyo wa vumbi ndiye Bawabu, golikipa wetu. Tulimwita hivyo kwa sababu hapiti mtu mpaka ahojiwe. Na nyusi si uchafu wa kadi. Mchana alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kusaga, akitoka huko moja kwa moja uwanjani. Akiruka mpira wa kona, unga ulibaki hewani baada yake.

Mrefu ni Ngazi. Mpira wowote uliopita juu ya vichwa vya watu ulikuwa mali yake. Hakuogopa beki, hakuogopa refa, aliogopa mbwa. Siku moja mbwa aliingia uwanjani, Ngazi akapanda juu ya mwamba wa goli akagoma kushuka, na mechi ikaendelea naye yuko huko. Baba alicheka mpaka akaketi chini.

Huyo mdogo ni Cherehani. Akipita katikati ya mabeki wawili kama sindano, ukigeuka unakuta wameshonana.

Unamkumbuka baba? Tarishi wa ofisi, mtu wa kupeleka bahasha na kusema ndiyo bwana. Nyumbani hukuwahi kumsikia akipaza sauti. Uwanjani alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jumatatu alikuwa akigawa barua kwa ishara, na wakubwa wake wakimpa pole ya mafua.

Tafuta Kinyonga, yeye hata nyuma ya kadi wamemwandika hivyo. Lakini mwache wa mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama.

Kaka yako

(Wifi, leo amekula mezani.)


30 Machi

Kaka,

Nimewamaliza wote, wako kwenye karatasi ya pili, na Kinyonga wako nimembakiza kama ulivyotaka.

Amesimama kiupande, uso ameugeuzia kwetu. Mwanga unatoka kushoto kwake, kwa hiyo upande wa pili wa pua una kivuli. Jezi ni ya bluu iliyopauka, ukosi mweupe, uzi wa ukosi umefumuka kwa urefu wa kucha. Soksi ya kulia iko juu, ya kushoto imelala kwenye kiatu. Mikono imening'inia tu, mizito, ya mtu asiye na haraka. Nyusi moja imekatwa na kovu. Sikio la kulia, pale chini kwenye nyama laini, lina pengo kama limeng'atwa na panya. Sisi vinyozi masikio tunayatazama sana, maana ndiyo yanayotushtaki mkono ukiteleza. Macho yake yanatazama mbali, nyuma ya mpiga picha. Midomo imefungwa, lakini shavu moja limepanda kidogo. Nyuma yake kuna watu wengi, wamefifia, nguo zao ni madoadoa tu.

Nimekuwekea kila nilichokiona.

Chiriku


14 Aprili

Chiriku,

Tangu uzaliwe hujawahi kuniambia mwanga unatoka upande gani.

Wewe ni mtu wa kusema "mwanaume mmoja ana shingo" ukaendelea na safari. Leo unanipimia uzi wa ukosi kwa kucha. Umeambiwa. Nimemuuliza mwandishi wangu hapa, amekaa kimya, kimya ambacho nakifahamu.

Basi, ni kweli. Najua utaniletea ile ya mficha maradhi. Usiniletee. Nimekuwa fundi mwenye macho maisha yangu yote. Watu walivuka mji wakisema mpelekee yule, yule anaona hata kisichoonekana. Nataka wabaki na huyo.

Nikwambie Kinyonga alivyoondoka, uelewe. Alikuwa winga wa kushoto. Alisimama pembeni ya mstari kama amelala, mabeki wakamsahau, halafu mara moja, kama ulimi wa kinyonga, mpira umekwenda na nzi kaliwa. Mechi yake ya mwisho alitolewa kabla ya mapumziko. Hakwenda kwenye benchi. Alivaa fulana yake, akachukua begi, akatoka uwanjani wima kama askari wa gwaride, na hakuonekana tena. Watu wakasema kauzwa nje, wengine wakasema kafa. Mimi nilikuwa mtoto, nikajisemea huyo ndiye mwanaume. Alijua kuondoka. Hakungoja mtu amwone ameisha.

Na mimi niacheni hivyo. Habari za macho usiniandikie.

Kaka yako


6 Mei

Wifi,

Ninaandika kwa ajili yangu, yeye hajui. Siku zile za kwanza hakunisemesha. Chakula ninakiweka, ninakitoa. Nilimwambia kosa ni langu, nilisema kwa sababu nilikuwa naona anazama nami sijui kuogelea.

Lakini juzi, wakati ninakunja nguo, nilisikia sauti kitandani: "Nisomee tena ya soksi." Nikamsomea. Akauliza umeandika soksi ipi iliyoshuka. Nikamwambia ya kushoto. Akageukia ukutani.

Mwandikie kitu, chochote kisicho cha macho. Mimi maneno yameniishia.

Wifi yako


20 Mei

Kaka,

Sikuandikii habari za macho. Nakuandikia habari ya rangi.

Nilitafuta mtu wa kupaka chumba cha mama kabla nesi hajahamia. Akaja mzee mmoja, ndevu nyeupe, ovaroli yenye rangi za nyumba zote alizowahi kupaka. Anatembea akivuta mguu. Alizeekea ugenini, mkewe alipofariki ndipo akarudi huku, mwaka juzi. Anafanya kazi polepole, hadi nilitaka kumuuliza kama anapaka au anausikiliza ukuta.

Kopo lako nililiacha mezani, kadi nimezipanga. Nilipomletea maji nikamkuta ameinama juu yake, brashi mkononi, rangi inadondoka sakafuni. Nikakasirika. Nikamwambia, mzee, sakafu hiyo ni mimi ninayeipiga deki. Hakusikia. Aligusa kadi ya Bawabu kwa kidole cha pembeni, kile kisicho na rangi, akasema:

"Huyu alikuwa akitapika kabla ya kila mechi. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia ndoo."

Kaka, mimi ni kinyozi. Sikumtazama uso, nilitazama sikio la kulia. Pengo lipo. Kama limeng'atwa na panya.

Nilikaa juu ya kitanda cha mama. Nikamwambia wewe ni Kinyonga. Akasema Kinyonga alikufa zamani, mama, mimi ni mpaka rangi. Akarudi ukutani. Nikamwambia nina kaka yangu anayekukumbuka mpaka soksi. Alipaka mistari mitatu au minne, mgongo umenigeukia. Halafu akauliza, "Soksi ipi?"

Nikamjibu. Akacheka bila kugeuka. Amesema alikuwa na lastiki moja tu.

Niambie nimwambie nini.

Chiriku


1 Juni

Chiriku,

Kama umebuni hili ili kunitoa chumbani, sitakusamehe, na nitakuheshimu.

Masikio mabovu yako mengi duniani. Na ya soksi ulimpa wewe mwenyewe. Muulize jambo moja, ambalo sikuwahi kukuandikia wala kumwambia mtu. Ile siku ya mwisho, alitoka kwa lango gani, na huko nje nani alimfanyia nini? Aandike kwa mkono wake. Wifi yako atanisomea, nami nitajua.

Kaka yako


15 Juni

Bwana fundi saa,

Dada yako amenipa kalamu na kiti, na amenifungia mlango nisikimbie. Mimi si mwandishi, utanivumilia.

Unauliza lango. Sikutoka kwa mlango wa wachezaji, kule kulikuwa na watu. Nilitoka kwa lango dogo la nyuma, lile la kupitishia takataka. Mtu mmoja mrefu aliyevaa sare ya tarishi alitoka jukwaani akanifuata, na mtoto kamshika shati. Alichukua begi langu begani mwangu akalibeba mpaka barabarani. Hapo akalitua, akanipa mkono, akarudi.

Dada yako amenisomea ulivyoandika, kwamba nilitoka wima kama askari. Ngoja nikuambie, kwa kuwa umeniuliza nami sijawahi kuulizwa. Goti lilikuwa limekwisha msimu mzima. Siku ile lilitoka kabisa. Kila hatua niliona nyota. Nilikaza meno nisichechemee kwa sababu ya mtoto yule, alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama treni. Baba yako alijua. Ndiyo maana alibeba begi. Mlipogeuka kuondoka nilikaa chini kwenye vumbi na sikuweza kuinuka mpaka mpita njia aliponiinua.

Kisha nikajificha. Nilitaka waendelee kuniona nikikimbia. Nilikwenda mji ambao hakuna aliyenijua, nikajifunza kupaka rangi. Nimekaa huko karibu umri mzima. Si maisha mabaya, nilipata mke mwema na ukuta haukuulizi ulikuwa nani. Lakini Bawabu alinitafuta. Ngazi pia. Nimerudi nimekuta wote wamezikwa, na wake zao wameniambia wenzangu walikuwa wakiniulizia mpaka mwisho. Hawakutaka nikimbie, bwana. Walitaka nije tukae.

Kadi yangu ninayo mbele yangu. Dada yako amekueleza vizuri, yeye ana macho ya wembe. Ila hakuweza kujua kwa nini shavu limepanda. Nilikuwa ninazuia kicheko. Cherehani alikuwa nyuma ya mpiga picha, akitembea kama kocha. Na wale madoadoa nyuma yangu ni watu wa kweli. Kuna doa moja jeupe, dogo, liko juu ya jingine, huenda ni mtoto begani mwa baba yake. Sijui ni nani. Kwa upande wangu nimeamua ni wewe.

Chumba cha mama yenu nimekimaliza. Nimekipaka rangi ya maziwa.

Mpaka rangi,
aliyekuwa Kinyonga


3 Julai

Wifi,

Nilimsomea mara ya kwanza mpaka mwisho. Mara ya pili akanizuia pale kwenye begi, akaniambia nirudie, nikarudia, akaweka kiganja usoni akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima, kibaya na kizuri. Nilimwacha. Alipomaliza akasema baba hakuwahi kumwambia. Miaka yote wamekaa wawili mezani wakimzungumzia Kinyonga, na baba hakumwambia kwamba mtu yule alikuwa anaumia.

Halafu akaanza kubisha. Kasema doa lile jeupe si yeye, wao walikaa upande wa jua kwa kuwa tiketi zake zilikuwa rahisi, na picha imepigwa upande wa kivuli. Amenitamkia kurasa nne za mzee huyo, nyingi ni ubishi. Anataka kujua nani hasa alifunga goli fulani la mvua. Utazipata ndani ya bahasha hii, mpe. Anasema pia baridi ikipungua tutakuja, na wewe umwandalie Kinyonga kiti, wasije wakabishana wamesimama na goti lile.

Jana jioni akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa, kama ule uwanja wa shule bado watoto wanachezea. Nikamwambia wanachezea. Akasema basi twende. Sikumuuliza mara mbili. Nilivaa viatu tofauti, kimoja changu kimoja cha jirani, na sikurudi kubadilisha.

Alinishika juu ya kiwiko. Njiani fundi viatu akamwita, fundi, umerudi safari? Akasimama kidogo. Akamjibu, "Sikusafiri. Sioni tena, ndugu yangu. Nilikuwa ndani." Fundi viatu akaacha kazi yake, akaja akampa mkono, akatusindikiza mpaka kona.

Tukasimama pembeni ya mstari. Unanijua, wifi, mimi mpira siujui. Nilijitahidi: huyu wa nyekundu anao, sasa kampa mwenzake, sasa sijui uko wapi. Akanigusa mkono ninyamaze. Aliinamisha kichwa upande mmoja, vile anavyosikiliza saa. Miguu ikapita mbele yetu, ikapungua, ikawa ya mtu mmoja.

Mimi bado nautafuta mpira, yeye akanyanyua mikono yote miwili juu. Ndipo nikaona wavu ukitikisika.

Wifi yako